Uliambiwa Minne, Ukatia Saini Minane

Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi jioni mbele ya wazazi na vijana wa jamii yetu ya Waswahili hapa Columbus, Ohio. Waliokosa kuja waliomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikiacha nje vicheko na zile dakika kumi za kutafuta waya wa kipaza sauti.

Wazee wangu, shikamooni. Wa msikitini asalaam aleikum, wa kanisani Bwana asifiwe, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke pilau ikiiva, mambo vipi.

Nimeombwa niseme habari ya kujiunga na jeshi la Marekani. Sikuja kumkataza mtu. Jeshi lilinilisha, likanisomesha, na nyumba ninayokaa nilinunua kwa mkopo wa wanajeshi wa zamani bila kutanguliza hata senti. Wala sikuja kulipigia debe. Wanaolipwa kwa kazi hiyo wapo, ofisi zao ziko kwenye maduka makubwa karibu na wauza pizza, na wanatabasamu vizuri kuliko mimi. Nimekuja kusema habari ya karatasi.

Nianze na bahasha. Mwezi wa tisa mwaka 2007 nilirudi nyumbani asubuhi kutoka zamu ya usiku. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wengi wenu mnaijua kazi ile, ya kugeuza watu na kuwaosha mpaka mgongo unakataa. Mchana nilikuwa nasomea uuguzi. Jeshini nilishatoka mwaka mmoja kabla, miaka yangu minne ilikuwa imekwisha, buti nilishamgawia binamu. Mke wangu akanipa bahasha ya kahawia. Nikafungua nimesimama, funguo za gari bado mkononi. Ilikuwa amri ya kuripoti kazini.

Mke wangu akauliza, "Si ulimaliza?"

Nikamwambia, "Nilimaliza."

Nikaenda chumbani, nikavuta lile faili la plastiki chini ya kitanda, lenye vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo, nikatoa mkataba niliotia saini mwaka 2002. Nikaketi kitandani nikausoma. Ninawaambia ukweli mbele ya watoto wangu walioko hapa: ilikuwa mara ya kwanza kuusoma. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu niweke sahihi, na herufi za jina langu nimeziweka kwenye kila kisanduku walichonionyesha kwa kidole.

Karatasi yenyewe inaitwa DD Form 4. Matawi yote ya jeshi huitumia. Nendeni moja kwa moja kwenye kipengele cha 8. Kuna sentensi moja ndefu yenye nafasi za kujazwa namba. Yangu ilijazwa hivi, ninaisema kwa Kiswahili: ninajiandikisha leo kwa miaka 8 na wiki 0, na kati ya hiyo, miaka 4 na wiki 0 ni ya utumishi kazini, na miaka 4 na wiki 0 nitaitumikia katika jeshi la akiba. Nane, nne, nne. Mtoto wa darasa la pili angeona. Mimi sikuona kwa sababu sikutazama.

Yule aliyeniandikisha, jimbo jingine mbali na hapa, alikuwa mtu mwema. Alinipeleka kula mbavu za kuchoma. Alizungumza na mama yangu kwa simu, akamwita "Mama". Akaniambia: miaka minne tu, ukimaliza unaenda zako. Sidhani hata leo kwamba alikusudia kunidanganya. Kwake yeye miaka ya akiba haikuwa miaka, maana humo huvai kombati, huamki saa kumi na moja, hulipwi. Kosa lilikuwa langu, kuchukua neno la mdomo nikaacha namba iliyoandikwa. Na mdomo hauna mhuri.

Hii miaka minane si ujanja wa ofisi fulani. Ni sheria ya nchi. Kitabu cha kumi cha sheria za shirikisho, kifungu cha 651, kinasema anayejiunga mara ya kwanza atadaiwa utumishi usiopungua miaka sita wala kuzidi minane, na Wizara ya Ulinzi imechukua minane. Ndivyo ilivyo tangu 1984. Kwa hiyo ukiambiwa mkataba wa miaka miwili, au mitatu, au sita, elewa kwamba wote ni wa minane. Kinachotofautiana ni namna ya kuigawa: kiasi gani utakuwa kazini, kiasi gani utakuwa akiba.

Na akiba nayo ni ya aina mbili, hapa ndipo watu wengi hupotea. Kuna akiba ya kikosi, unakwenda mazoezi wikiendi moja kila mwezi na wiki mbili kwa mwaka, unalipwa kwa siku zile. Na kuna akiba nyingine wanayoiita IRR, ambayo huna kikosi, huna mazoezi, huna mshahara. Uko nyumbani kwako, unauza magari au unasuka nywele, lakini jina lako limo kwenye daftari. Wajibu wako mkubwa ni kuwapa anwani mpya ukihama na kujibu barua zao. Nyakati za amani wengi humaliza miaka yao ya IRR bila hata kujua kwamba walikuwamo. Lakini kuanzia 2004, vita vya Iraq na Afghanistan vilipolemea jeshi, maelfu ya watu wa daftari lile waliitwa warudi. Mimi mmoja wao.

Niliomba kuahirishiwa mpaka muhula uishe, wakakubali, na Januari nikaondoka. Nikapelekwa Kuwait, kambi ya Arifjan, kwenye maghala. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu matairi, vioo vya magari na masanduku ya vipuri kwenye joto ambalo hata mtu wa Tanga hulikimbia. Chakula kilikuwepo, mshahara uliingia, hakuna aliyenipiga risasi. Ila mke wangu alijifungua mtoto wa pili nikiwa huko, nikamwona kwenye skrini ya kompyuta iliyokuwa inakwama kila nusu dakika. Na masomo ya uuguzi niliyaanza upya karibu kutoka mwanzo.

Sikilizeni vizuri hapa. Jeshi halikuvunja mkataba wangu. Jeshi liliutekeleza.

Sasa mtu atauliza, je, hiyo minane angalau ndiyo mwisho? Kwa kawaida ndiyo. Lakini ndani ya karatasi hiyohiyo mmeandikiwa kwamba ikitangazwa vita, utumishi wako utaendelea mpaka miezi sita baada ya vita kwisha, isipokuwa Rais akuachie mapema. Na kuna sheria nyingine, kifungu cha 12305, inayompa Rais uwezo wa kusimamisha watu kuondoka jeshini wakati askari wa akiba wameitwa kazini. Ilitumika sana miaka ile ya Iraq. Askari mmoja wa National Guard, lile jeshi la akiba la majimbo, upande wa Oregon, Emiliano Santiago, alikuwa amemaliza karibu miaka yake minane yote. Mwezi Juni 2004, siku zake zikiwa ukingoni, akaambiwa haondoki. Kwenye kumbukumbu zao tarehe yake mpya ya kutoka ikaandikwa Desemba 2031. Serikali ikaeleza kwamba tarehe ile iliwekwa kwa urahisi wa kiutawala tu. Akaenda mahakamani. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikamwambia alishapewa taarifa: mkataba wake ulisema wazi kwamba unafuata sheria, na sheria ndiyo hiyo. Alishindwa. Mwaka 2009 Waziri wa Ulinzi Robert Gates alitangaza kuachana na utaratibu ule taratibu. Sheria yenyewe haikufutwa.

Ndiyo maana ninasema mkataba huu haufanani na mkataba mwingine wowote mtakaoutia saini. Mwenye nyumba akitaka kuongeza kodi sharti asubiri mkataba uishe. Tajiri akikunyanyasa unavua aproni unaondoka, siku inayofuata uko kwa tajiri mwingine. Kipengele cha 9 cha DD Form 4 kinakuambia kwamba hii si ajira tu, ni kubadilika hadhi kutoka raia kuwa mwanajeshi. Na kinaendelea: sheria na kanuni za jeshi zinaweza kubadilika bila wewe kuarifiwa, zikagusa mshahara wako, posho, marupurupu na wajibu wako, hata kama karatasi hii inasema vinginevyo. Yaani upande mmoja unaruhusiwa kusogeza magoli, upande wa pili hauruhusiwi hata kutoka uwanjani. Bwana mdogo pale anatikisa kichwa. Tikisa, lakini soma.

Nirudi kwenye kipengele cha 8, maana kina sentensi nyingine ninayoipenda kuliko zote. Inasema ahadi zote ulizopewa na serikali ni zile zilizo katika sehemu hiyo na viambatisho vyake. Halafu, kwa herufi kubwa, kama tangazo la MBWA MKALI getini, inasema kingine chochote alichokuahidi mtu yeyote si halali na hakitaheshimiwa. Pembeni kuna kisanduku cha herufi za jina lako. Sasa fikirini: serikali yenyewe imekuandikia usimwamini mtu wa serikali. Uungwana ulioje!

Kwa hiyo viambatisho ndivyo mkataba wako wa kweli. Umeahidiwa kazi fulani? Iko kwenye kiambatisho au haipo duniani. Bonasi? Kiambatisho. Cheo cha kuanzia kwa sababu ulisoma chuo muhula mmoja? Kiandikwe. Na katika jeshi la nchi kavu kazi zina namba. Yangu ilikuwa 92Y, mtu wa ghala na vifaa vya kikosi. Mganga wa vitani ni 68W. Askari wa miguu anaandikishwa kama 11X. Angalia namba, usiangalie jina alilokutamkia mtu akitabasamu. "Utafanya kazi na kompyuta" si jina la kazi. Hata mimi nilifanya kazi na kompyuta, ilikuwa inahesabu matairi. Katika Marine na Jeshi la Anga mjue pia kwamba kuna mikataba inayokuahidi kundi la kazi tu, na ndani ya kundi hilo utapangiwa huko mbele ya safari.

Na hata namba ikiandikwa, kinachoahidiwa ni nafasi ya mafunzo ya kazi ile. Ukifeli mafunzo, au ukakosa kibali cha usalama, watakupanga upya kufuata mahitaji ya jeshi. Mahitaji ya jeshi, hayo maneno mtayasikia mpaka myaote ndotoni. Ninyi wenye grini kadi, kumbukeni kwamba kazi zinazodai kibali cha siri huhitaji uraia, basi usimwache mtu akuahidi kazi ya ujasusi wa mawasiliano wakati hata pasi ya Marekani huna.

Bonasi niipitie haraka. Januari 2022 jeshi la nchi kavu lilitangaza bonasi ya "hadi" dola 50,000 kwa anayejiunga kwa miaka sita. Hilo neno "hadi" ndilo linalobeba mzigo. Linategemea kazi, tarehe ya kuondoka, na alama zako. Hela hukatwa kodi. Hailipwi siku ya kusaini, huanza kutoka baada ya mafunzo. Na ukishindwa kumaliza muda kwa kosa lako, ile sehemu ambayo hukuitumikia inarudi kwao. Watakukata.

Sasa niwaeleze mahali ambapo mkataba huo husainiwa, maana ukipajua hutashangaa kwa nini watu hawasomi. Panaitwa MEPS. Umelala hotelini na vijana wenzako usioelewana nao hata lugha ya muziki. Saa kumi alfajiri mnaamshwa. Mnakaguliwa mizigo. Mnapimwa damu, mkojo, masikio, macho. Mnavuliwa mkabaki na chupi, mnaambiwa mtembee mmechuchumaa kama bata, daktari anatazama magoti. Mnasubiri. Mnasubiri tena. Ukifika kwenye dawati la kuchagua kazi ni mchana, tumbo linanguruma, na mtu anakugeuzia skrini: zilizobaki ni hizi, na hii yenye bonasi inaweza kuondoka leo. Karatasi zinatoka kwenye printa bado za moto. Saini hapa, hapa, na hapa. Nje wenzako wamejipanga mbele ya bendera wanakusubiri wewe mle kiapo. Mwambie basi mtoto wa miaka kumi na tisa asome kipengele cha 9 hapo!

Lakini asome. Anayo haki ya kuomba nusu saa, na anayo haki ya kusema "nitarudi siku nyingine". Hakuna polisi wa kumzuia.

Na hili ndilo jambo ninalotaka hata mama zangu mlioko jikoni mlisikie, msimamishe miko kidogo. Viapo ni viwili. Kijana asiyeondoka siku ileile anakula kiapo cha kwanza, anaingia kwenye mpango wanaouita DEP, anarudi nyumbani kusubiri tarehe yake. Kisheria anaweza kusubiri hadi siku 365, na zinaweza kuongezwa. Siku ya kuondoka anarudi MEPS, anatia saini ukurasa wa mwisho, anakula kiapo cha pili. Kuanzia hapo ni mwanajeshi.

Kati ya viapo hivyo viwili, mtu akibadili nia anaweza kutoka. Anaandika barua fupi kwa kamandi ya uandikishaji kwamba anaomba kuondolewa, anaeleza sababu, anaweka nakala. Mwandikishaji atampigia simu. Atakuja nyumbani. Pengine atasema hutapata kazi ya serikali maisha yako yote, au utakamatwa, au grini kadi yako itaguswa. Hayo ni maneno tu. Kanuni zao wenyewe zinawakataza kumtisha kijana wa DEP. Nimewahi kukaa sebuleni kwa rafiki yangu, binti yake analia, mwandikishaji amesimama mlangoni anasema atatuma askari. Nikamwuliza kwa heshima, mwenzangu, ni kanuni gani hiyo, niandikie namba yake hapa. Akanywa maji akaondoka. Sijui kama angeondoka nisingekuwepo.

Baada ya kiapo cha pili mambo ni mengine. Ukitoroka wewe ni mtoro, zikipita siku 30 unahesabiwa umeasi jeshi, na hati ya kukamatwa inaingia kwenye kompyuta za polisi nchi nzima. Utasimamishwa barabarani kwa taa mbovu ya gari, ulale mahabusu. Njia za kutoka zipo, za ugonjwa, za matatizo ya kifamilia, lakini hizo unaziomba ukiwa ndani, na anayeamua si wewe.

Habari ya uraia, maana najua ndiyo iliyowaleta nusu yenu. Mwenye grini kadi anaweza kujiunga. Asiye na karatasi hawezi, asidanganywe. Zamani kidogo, kuanzia 2008, kulikuwa na mpango ulioitwa MAVNI uliochukua watu wenye viza fulani kwa ajili ya lugha zao, na Kiswahili chetu kilikuwa kwenye orodha. Ulisimamishwa 2016, na wapo waliokwama katikati, wameshasaini, wamesubiri kuchunguzwa mpaka viza zikaisha. Ukikutana na mtu anauza fomu za MAVNI leo, mkimbie.

Kwa mwenye grini kadi sheria ni nzuri. Rais Bush alitia saini amri mwezi Julai 2002, inayohesabu kuanzia Septemba 11, 2001, na bado inafanya kazi: anayetumikia kwa heshima wakati huu anaweza kuomba uraia bila kusubiri miaka mitano, na bila kulipa ada. Wengi huapishwa uraia wakiwa bado kuruta. Lakini shikeni mambo mawili. Anayetoa uraia ni idara ya uhamiaji, si mwandikishaji, naye hana uwezo wa kukuahidi. Na ukiupata kwa njia hiyo, kisha ukafukuzwa bila heshima kabla hujatimiza miaka mitano ya utumishi, unaweza kunyang'anywa. Kwa Mkenya uraia wa nyumbani unabaki, Katiba ya 2010 imeruhusu viwili. Mtanzania mwenzangu, ukila kiapo cha Marekani ule wa nyumbani umekwenda. Nilipouapa nilimpigia baba simu. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama bado nitaruhusiwa kuzikwa Muheza.

Kuna jambo moja si la hapa lakini siwezi kulinyamazia. Mpwa wangu alinipigia kutoka Tanga. Kuna mtu kwenye simu anamwahidi kazi ya udereva Urusi, tiketi bure, mshahara wa dola, mkataba atausaini akifika. Nikamwuliza mkataba una lugha gani. Hajui. Ndugu zangu, Urusi huwapa wageni mikataba ya jeshi ya mwaka mmoja. Lakini Septemba 21, 2022 Rais Putin alitia saini amri ya kuita watu vitani, na amri hiyo inasema mikataba ya askari iliyopo itaendelea mpaka uhamasishaji ule utakapokwisha. Mwaka mmoja wa kwenye karatasi si mwaka mmoja. Mtanzania mmoja aliyekwenda Moscow kusoma aliuawa Ukraine Oktoba mwaka huohuo, mwili wake ukarudishwa nyumbani Januari 2023. Nawauliza wale wanaosema mimi naonea jeshi la Marekani: angalau hapa kifungu cha kukurefushia muda kimechapishwa kwa lugha uliyosomea. Nilimwambia mpwa wangu asiende. Ninatumaini amenisikia.

Wazazi wenye watoto sekondari, nanyi mna karatasi zenu. Sheria ya elimu inazitaka shule ziwape waandikishaji majina, anwani na simu za wanafunzi wa sekondari, isipokuwa mzazi aandike kwamba hataki. Fomu hiyo huja mwanzoni mwa mwaka wa shule ndani ya lile rundo tunalolitupa. Ule mtihani wa ASVAB, wa kupima uwezo wa wanaotaka kujiunga na jeshi, unaofanyika shuleni, shule inaweza kuchagua kile kinachoitwa chaguo la 8, alama zisipelekwe kwa waandikishaji. Uliza ofisini. Na mtoto akiwa JROTC, yale mafunzo ya kijeshi ya shuleni, akivaa sare siku za Jumatano na kupiga gwaride, msihofu: hakuna deni lolote la jeshi humo. Wa miaka 17 hawezi kuandikishwa bila sahihi ya wazazi. Akifika 18, mama, sahihi yako haina kazi tena. Imebaki sauti yako.

Dada mmoja amenitumia swali kwa karatasi: je, National Guard si nafuu? Inategemea unatafuta nafuu gani. Wengi husaini miaka sita ya mazoezi na miwili ya IRR. Jumla? Haya, semeni wote. Minane. Unabaki mjini kwako, unasoma, lakini gavana anaweza kukuita mafuriko yakija, na Rais anaweza kukuita vita vikija, na mwajiri wako wa kiraia atalazimika kukurudishia kazi ukirejea. Santiago alikuwa National Guard, msisahau.

Mzee wangu pale ananionyesha saa, na harufu ya pilau imenishinda hata mimi. Mkataba wangu wa 2002 nimekuja nao, uko pale mezani kando ya chupa ya chai, nimefuta namba za siri kwa wino mweusi. Kijana anayeondoka mwezi huu aje na viambatisho vyake, hata kama ni picha kwenye simu, tukae tusome kipengele cha 8 pamoja, polepole, tukiwa tumeshiba. Ila mkiushika, mikono iwe mikavu. Nakala nyingine sina.